Zile za mgongo na chupa ya figo

Duka la dawa lenyewe lipo kwenye moja ya zile barabara za namba za Ngamiani, hapa Tanga, silitaji. Nilikuwa nimesimama nasubiri dawa za presha za mama mdogo, jioni, jua bado kali, akaja mchuuzi mmoja wa samaki, kaegemeza baiskeli ukutani na tenga lake tupu nyuma, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Hakusema anaumwa nini. Hakutaja jina la dawa. Kasema tu, "Dada, nipe zile zangu za mgongo."

Dada kafungua kopo, kahesabu vidonge, kavitia kwenye kibahasha cheupe. Diklofenaki, ya kutuliza maumivu. Juu ya kibahasha hakuandika kitu.

Yule kaka akageuka aondoke, alafu akarudi. Kaiona chupa kwenye shelfu, maji ya rangi ya kahawia, lebo inasema inasafisha figo. Kauliza bei, kanyamaza kidogo, kachomoa noti nyengine.

"Nipe na hiyo. Siku hizi mkojo mchache, alafu umekoza kama chai."

Vyote viwili vikaingia mfuko mmoja, kautundika kwenye usukani, kaondoka.

Wiki zimepita na bado nawaza. Wala halikuwa jambo geni, ni la kila siku, na hilo ndo linalonikosesha raha. Mtu yule yule, duka lile lile, dakika ile ile, kanunua kitu ambacho huenda ndo kinachomuumiza figo pamoja na kitu alichoambiwa kitamsafishia hizo figo. Na kwa kauli yake mwenyewe, mwili ulikuwa ushaanza kusema.

Mgongo unauma kweli

Niliweke hili mapema: simlaumu. Wachuuzi wa samaki wa Tanga tunawajua. Mtu anaamka kabla ya adhana kwenda kusubiri vyombo Deep Sea au Sahare, anagombania mnadani, alafu anakanyaga baiskeli na tenga limejaa mpaka Pongwe huko, barafu inayeyuka inamchuruzikia miguuni, na akirudi mgongo haukunjuki. Umwambie nini, apumzike? Akipumzika leo, kesho wanae watakula wapi?

Kwahiyo nilipompeleka mama mdogo kliniki yake nikamuuliza daktari, maana lilikuwa limenikaa kooni. Akanieleza kwa utulivu kabisa, na nitajaribu kulirudisha hapa nilivyolielewa.

Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao wa kundi hilo wanapooza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini. Sasa kemikali hizo hizo ndo zinazosaidia mshipa unaoingiza damu kwenye figo ubaki wazi pale mwili unapopungukiwa maji. Na figo zinataka damu nyingi, karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo inapita kwao. Chukua mtu katoka jasho tangu alfajiri, hajanywa maji ya maana, mishipa inataka kubana, na dawa aliyoimeza imeshaondoa kile kilichokuwa kinauzuia huo mshipa wa figo usibane. Damu inapungua, mkojo unakuwa mchache na unakoza.

Mtu mzima asiye na maradhi akinywa siku mbili tatu kwa kuwa kateguka mguu, huku anakula na kunywa maji vizuri, mara nyingi hadhuriki. Kinachotisha ni kuzinywa kila siku miezi na miezi. Kinatisha zaidi kwa mzee, kwa mwenye presha, kwa mwenye sukari, kwa mwenye figo zilizoanza kuchoka na mwenyewe hajui.

Alafu kuna mchanganyiko mmoja daktari aliusema, akaurudia. Mtu yupo kwenye dawa za presha za jamii ya kaptopril au enalapril au losartani, ana na vidonge vya kukojoza, na juu yake anaongeza diklofenaki. Vitatu hivyo pamoja vinaweza kuziangusha figo ndani ya siku chache.

Mama mdogo alikuwa amekaa kiti cha pili, kimya.

Kwenye pochi yake mlikuwa na kibahasha cheupe. Zile za magoti.

Hapo mchuuzi wa samaki akawa amehamia nyumbani kwetu.

Kumbuka kwenye daftari lake la kliniki kumeandikwa dawa za presha na za sukari, kila mwezi zinaandikwa, na hakuna hata siku moja kilipoandikwa kile kibahasha cha magoti, kwa sababu kwake ile sio dawa, ni kitu cha dukani tu kama biskuti ya kutuliza mtoto. Akiulizwa "unatumia dawa nyengine?" anajibu hapana, na kwa moyo wake anasema kweli. Sa hizi kila nikisikia mtu anampeleka mzazi kliniki namwambia beba pochi nzima, vidonge vyote, vibahasha vyote, na chupa za miti kama zipo, mwaga mezani kwa daktari achambue mwenyewe.

Kwa maumivu parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa ni salama zaidi kwa figo, na kuna kuchua, kukanda na maji ya moto, kugawa mzigo mara mbili. Najua kugawa mzigo mara mbili kwa mtu wa tenga maana yake ni safari mbili. Sina jibu zuri la hapo, na sitaki kulifunika.

Figo ndo zinazosafisha

Nilirudi kwenye ile chupa, maana ndo ilinisumbua kuliko vidonge.

Figo zako zinachuja kama lita 180 kwa siku. Sio mkojo huo, ni majimaji yanayochujwa kwenye damu, damu ile ile inapita tena na tena, na karibu yote yanarudishwa mwilini, kinachotoka ni lita moja na nusu hivi, inategemea umekunywa nini na jua limekuchoma kiasi gani. Hicho ndo kiwanda chenyewe cha kusafisha. Hakuna juisi inayopitia njia ya pembeni kwenda kukiosha. Chochote unachokunywa kinashuka tumboni, kinaingia kwenye damu, na mwisho wake sehemu kubwa kinakuja kuchujwa na figo hizo hizo unazodai unazisafisha. Kama ndani mna sumu, wao ndo wa kwanza kuinywa.

Na sio hadithi za kutishana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Brussels, Ubelgiji, kulikuwa na kliniki ya kupunguza uzito, wanawake wakapewa vidonge vyenye miti ya Kichina, na ndani yake ukaingia mmea wa jamii ya aristolokia uliochanganywa kwa makosa. Wanawake ambao hawakuwa na ugonjwa wa figo kabisa wakaanza kupoteza figo mmoja baada ya mwengine. Madaktari walilitangaza 1993. Wengi wakaishia kwenye mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo, na baadae baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Na walikuwa wanatafuta afya.

La pili limenigusa zaidi kwa sababu ni tunda letu. Birimbi. Lile la kutia kwenye achari na mchuzi wa samaki, mti wake unakuta nyuma ya nyumba kibao huku kwetu. Kule Kerala, India, madaktari waliandika 2013 kuhusu wagonjwa waliofeli figo ghafla baada ya kukamua mabirimbi wakanywa juisi yake nzito, wameambiwa inashusha mafuta mwilini. Birimbi lina asidi ya oksaliki nyingi sana, ikizidi inagandana kuwa chembe ndani ya figo inaziba. Birimbi mbili tatu kwenye sufuria la familia sio kesi. Glasi nzima ya juisi tupu, tena tumbo wazi, ni jambo jengine kabisa.

Sipingani na miti. Nimelelewa na mwarobaini na mchaichai na nitaendelea kunywa mchaichai wangu. Ninachokikataa ni chupa isiyosema ndani mna nini, kiasi gani, kwa nani, anaiuza mtu ambae hajakuuliza hata kama una sukari.

Pakti ya nusu kilo

Baada ya kliniki mama mdogo akaniambia, "Mwanangu mimi chumvi situmii sana." Nami niliamini, maana hata mimi ningesema hivyo hivyo, kila mtu anasema hivyo.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yani kijiko kimoja cha chai cha kusawazisha, na hapo ni chumvi ya kila kitu kinachoingia mdomoni, sio ya mboga peke yake. Tukapiga hesabu jikoni. Nyumbani kwake tupo watu 5. Gramu 5 mara watu 5 ni gramu 25 kwa siku. Pakti ya nusu kilo basi inatakiwa ifike siku 20. Tukachukua kalamu tukaandika tarehe juu ya pakti mpya siku tunaifungua.

Haikufika. Haikukaribia hata.

Akasema labda watoto wanaimwaga, tukaandika tarehe na kwenye pakti ya pili. Ikaisha vile vile. Na hapo bado hatujaihesabu chumvi ambayo haitoki kwenye pakti. Tanga chumvi yetu tunaila imejificha: ng'onda, papa mkavu, achari ya ndimu, achari ya embe, vile vipande vya mchuzi vya kutumbukiza, chipsi za jioni zinazonyunyiziwa mara mbili, na mkate wa asubuhi ambao ukiula wala hausikii chumvi yoyote. Na wale wanaosema chumvi ya mawe ya huku mashambani Mkinga haina neno, jamani sodiamu ni ile ile. Inavuta maji, inapandisha presha, na presha ndo inayovipiga vichujio vya figo usiku na mchana. Kila figo ina vichujio kama milioni moja hivi, na kikifa kimoja hakioti chengine.

Ng'onda hatukuiacha. Kumwambia mtu wa pwani aache ng'onda ni kumpa sababu ya kuacha ushauri wote. Tulichofanya, inarowekwa usiku kucha, asubuhi yanamwagwa yale maji, inachemshwa kidogo, yanamwagwa tena, ndo inachambuliwa inaingia kwenye tui. Chumvi haiongezwi hata chembe. Ndimu, kitunguu thomu, tangawizi, bizari, nyanya mbili zimeiva sana, pilipili nzima juu inaelea. Siku ya kwanza baba mdogo alionja akainuka mwenyewe kwenda jikoni kutafuta kopo la chumvi, akalikosa kwa kuwa mama mdogo alikuwa kalifungia kabatini, ikawa maneno mpaka isha. Bada lenyewe, ule ugali wa muhogo, halina chumvi, kwahiyo vita yote ilikuwa kwenye mchuzi.

Baada ya wiki kadhaa ulimi ulizoea. Sasa hivi tukila kwenye shughuli ya watu yeye ndo wa kwanza kusema pilau lina chumvi.

Sukari sina mengi, mnajua. Kisukari na presha ndo wanaoongoza kwa kuharibu figo za watu wazima, kwahiyo vijiko vya sukari kwenye chai, soda ya kila mchana, kitumbua juu ya chai tamu, hayo ni mambo ya figo hata kama hakuna anaeyaita hivyo.

Madafu ya upendo

Hapa ndo nilipotikisika, maana nilikuwa nimeshaanza kujiona nimeelewa.

Mtaani kwetu kuna mama anasafishwa damu kwa mashine. Kawaida ni mara 3 kwa wiki, masaa manne hivi kila mara, sindano mbili kwenye mshipa wa mkono. Watu wanampenda, wanakwenda kumuona, na wanapokwenda hawaendi mikono mitupu. Wanampelekea madafu. Machungwa ya Muheza. Ndizi mbivu. Vitu vizuri kabisa, vitu ambavyo mie mwenyewe ningevitia kwenye orodha ya kulinda figo, matunda, maji ya asili, hakuna kiwanda.

Binti yake alikuwa anavipokea kwa shukrani, alafu wageni wakitoka anawagaia majirani.

Nikamuuliza mbona mama hanywi dafu. Akanieleza kwamba dafu, ndizi, machungwa, vina potasiamu nyingi. Figo nzima inaitoa ya ziada kwenye mkojo wala husikii. Figo iliyokufa haiitoi, inabaki kwenye damu inapanda, na ikipanda sana inavuruga mapigo ya moyo mpaka moyo wenyewe unaweza kusimama. Hata viazi na muhogo anamkatia vipande vidogo, anachemsha kwenye maji mengi, anayamwaga, ndo anapika. Na maji ya kunywa anapimiwa kwa kikombe, maana hakojoi tena, yanayoingia yanabaki.

Fikiria sasa. Ushauri ule ule, "kula matunda, kunywa dafu, kunywa maji kwa wingi", kwangu ni afya na kwa huyo mama, nyumba ya nne tu kutoka kwetu, unaweza kuwa hatari. Na kwenye simu unakuja bila anuani, unatumwa kwa wote, wenye figo nzima na wenye figo zilizokufa, na chini yake watu wanaandika amina.

Toka siku hiyo nimeacha kabisa kutuma orodha za vyakula vya figo kwa mtu nisiejua vipimo vyake. Kwa mwenye figo nzima sawa, mchicha, matembele, machungwa, samaki wabichi, maharage, ale. Aliyeambiwa figo zimepungua nguvu, chakula chake kinatoka kwa daktari wake na majibu yake ya damu, sio kwangu wala kwa mpika achari yeyote.

Maji na jua

Hata hilo la maji lina maneno yake. Mtu asie na maradhi hana haja ya kujilazimisha lita tano kwa siku. Angalia mkojo, ukiwa wa njano hafifu uko sawa, ukikoza ongeza maji. Basi.

Ila kwa wanaofanya kazi juani ni habari nyengine. Amerika ya Kati, El Salvador na Nicaragua, vijana wakata miwa walianza kufa kwa figo kwa wingi, hawana sukari, hawana presha, na wanasayansi wanaotafuta chanzo wamekuwa wakiinyooshea kidole kazi nzito kwenye joto kali bila maji na mapumziko ya kutosha. Kuna mashamba huko yakaanza kuwawekea kivuli, maji, na muda wa kupumzika uliopangwa.

Nikiisoma hiyo nawaona wakata mkonge wa kwetu. Nawaona wavuvi. Namuona yule kaka wa tenga. Chupa ya maji ya lita moja na nusu kwenye baiskeli ingemfaa kuliko ile ya kahawia, na ni bei ndogo zaidi.

Na baiskeli yenyewe ni neema. Mji wetu ni wa baiskeli, wageni wanashangaa mama wa makamo anaendesha na kanga yake vizuri tu, na huo ndo mwendo unaoshusha presha na sukari bila kulipia popote. Nasikitika tunavyoziacha tunapanda bodaboda kutoka Makorora mpaka sokoni.

Kipimo ndo kinachosema

Figo hazina kelele. Unaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake na unakwenda harusini unacheza mdumange. Kuvimba miguu, kichefuchefu, kuchoka, kuwashwa mwili, vinakuja mwishoni. Na maumivu ya kiuno ambayo watu wanayaita "figo" mara nyingi ni misuli tu, wakati figo zinazokufa taratibu hazikuumi popote.

Kwahiyo ni vipimo. Presha, na ikiwa 140 kwa 90 au zaidi kila ukipimwa ina kazi ya kufanywa. Sukari. Kreatinini kwenye damu, yani taka ambayo figo zinatakiwa kuitoa. Na kile kinachosahaulika, protini kwenye mkojo. Figo nzima inazuia protini isipite, kama kifumbu kizuri kinavyozuia chicha. Kifumbu kikianza kuchanika chicha inaonekana kwenye tui kabla hujaona tundu lenyewe, na protini nayo inaonekana kwenye mkojo kabla kreatinini haijapanda, wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Mwenye presha au sukari anatakiwa kupimwa hivi angalau mara moja kwa mwaka. Aombe mwenyewe, kwa jina, nipimeni protini kwenye mkojo.

Na kwa watoto wetu, kichocho. Huku Tanga ni cha kibofu, kinapatikana kwenye mabwawa na mito ya maji baridi wanakoogelea. Zipo sehemu mtoto wa kiume akikojoa damu watu wanaona ni ukuaji. Sio ukuaji. Kikiachwa miaka kinatengeneza makovu kwenye mirija, mkojo unarudi nyuma, figo zinavimba. Dawa ipo, prazikwanteli, inatolewa mashuleni, na mtoto asiyeenda shule siku ya dawa apelekwe kituo cha afya.

Muhimbili walianza kupandikiza figo 2017, Benjamin Mkapa Dodoma wakafuata 2018, kabla ya hapo ilikuwa ni safari ya India. Ni hatua kubwa na naishukuru. Lakini hata ukipandikizwa unameza dawa kila siku ya maisha, na lazima apatikane ndugu wa kutoa yake. Mkojo kwenye kikopo cha plastiki unapimwa hapa hapa Tanga asubuhi na mapema.

Karatasi za mama mdogo

Tulirudi kupima. Kreatinini yake nzuri. Protini kwenye mkojo ipo, kidogo, lakini ipo.

Daktari akasema kipimo kimoja hakitoshi kusema ni ugonjwa sugu wa figo, inabidi irudiwe baada ya miezi mitatu, maana homa au maambukizi ya mkojo nayo yanaweza kuileta. Moja ya dawa zake za presha aliiongeza kipimo, kumbe jamii ile ile ya dawa ambayo ni hatari ikikutana na diklofenaki, ikitumika vizuri ndo inayopunguza protini isivuje. Hilo lilinichukua muda kulikubali. Za magoti kaziacha, anachua kwa mafuta na anameza parasetamoli siku magoti yakizidi, na kuna siku yanazidi kweli, analala mapema kwa maumivu, na mimi ndo niliyemwambia aache, naisikia.

Suali lake la mwisho lilikuwa Ramadhani. Kafunga maisha yake yote. Daktari hakumkatalia wala hakumkubalia, kamwambia aje Shaaban kabla haijaisha, apimwe upya, ndo waangalie kama dawa zinaweza kupangwa kati ya futari na daku au ni mtu wa kutofunga. Njiani hakuongea mpaka tulipofika Chumbageni, akaniambia majibu ya hospitali atayapeleka na kwa ustadhi wake, amsomee yeye na baba mdogo wakiwa wamekaa pamoja. Miezi mitatu inaangukia kabla ya hapo. Nimeitia tarehe kwenye simu yangu, yeye kaiandika kwenye pakti ya chumvi.